Nani Aliona?

Karani wa mahakama alikuwa akitutania juu ya matope ya mtaa wetu wa Kadutu, nasi tukicheka kwenye benchi tukingoja vyeti, mama mmoja alipoingia kuishitaki shule. Binti yake alifukuzwa kwa sababu dini yake ilimkataza kumchezea Rais ngoma ya kila asubuhi.

“Banasema iko kiburi. Iko imani yake tu.”

“Citoyenne, nani aliona?” akauliza karani, kwa lile neno la “raia” ambalo serikali ilitulazimisha kuitana.

Mama akatugeukia. “Ba papa hawa bote balikuwa ku masomo ile asubuhi, balileta batoto.”

Jirani yangu akashusha kofia. Mimi, niliyesomea sheria, nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Marehemu mke wangu angekuwa amekwisha kusimama. Mama akatoka bila kutuaga.

Kesho yake nilimkuta karani akifungua mlango.

“Citoyen, ulisahau kitu?”

“Niliona,” nikamwambia. “Andika jina langu.”