Mikorosho Niliyoipanda kwa Mama Hadija

Sijaisahau asubuhi ile, mjukuu wangu Zuhura. Tangu uliponisomea kwa simu yale uliyoyaelewa katika mkataba wa chumba chako huko Japani, ukaniambia unataka kupigilia misumari utundike kinyago cha babu yako, imenirudia tena.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipoachiwa huru, mitumba ikaanza kumwagika Masasi. Nilitoka Lupaso na baba yako mgongoni na cherehani kichwani, nikapanga chumba kwa Mama Hadija, mjane wa Kiyao. Mkataba wetu ulikuwa wa maneno tu: nikae, nishone, nifagie uwanja. Kwa mara ya kwanza nilikula jasho langu bila kumwomba kaka yangu.

Basi mvua za kwanza ziliponyesha, kwa furaha yangu nikapanda mikorosho mitatu uani. Mwanangu, wewe umekulia mjini. Huku kwetu aliyepanda mkorosho ndiye mwenye mkorosho, hata kama ardhi ni ya mwingine, na kumtoa mtu huyo ni kesi. Nami nilijua tangu utotoni, ila kichwa kilikuwa kimejaa vitambaa.

Asubuhi Mama Hadija akaiona miche. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Akaenda kumwita kaka yake, mzee mmoja mpole.

"Mama Rashidi," Mama Hadija akaniambia, "nilikupa chumba. Shamba nilikupa lini?"

"Nilitaka ua upendeze, mama."

"Nikifa, watoto wangu watagombana na wako kwa miti hii. Funga mizigo yako."

Nililia, maana kuhama pale kulikuwa kurudi jikoni kwa kaka. Yule mzee akanisogelea. "Ing'oe mwenyewe, mwanangu. Fukia mashimo, uwanja uwe kama ulivyoukuta, kisha umwombe radhi. Akikataa, cherehani nitakubebea mimi."

Nikafanya hivyo. Mama Hadija alisimama akiniangalia mpaka shimo la mwisho. Kisha akasema, "Marahaba." Nikakaa kwake miaka saba.

Sasa sikiliza. Kinyago kiweke mezani, mashimo ya misumari utalipishwa. Usitie sahihi kabla mtu anayejua Kijapani hajakusomea mpaka mwisho, maana mwalimu wako amekubali kukudhamini na uzembe wako utamwangukia yeye. Siku ya kuingia piga picha kuta na sakafu, kila mkwaruzo ulioukuta uuandike, wakala wa nyumba abaki na nakala, ili pesa ya amana uliyoweka isikatwe kwa makosa ya waliokutangulia. Ukuta uliofifia kwa jua si kosa lako, ukidaiwa bishana kwa adabu. Ile pesa ya shukrani ambayo huko wapangaji humpa mwenye nyumba hairudi, usiiwekee matumaini. Rafiki asihamie kwako bila ruhusa, hata akilia. Na ukitaka kuhama, toa taarifa mapema kama mkataba unavyosema. Lolote usilolielewa uliza, usione haya; mimi kutouliza kidogo kuniponze.

Nakupenda, mwanangu, na kukuwaza peke yako huko kunanikosesha raha. Mungu akulinde chini ya paa la watu, akupe mwenye nyumba mwenye huruma, na siku utakapomkabidhi ufunguo asikitike kwamba unaondoka. Mimi nilipohama, Mama Hadija alinisindikiza mpaka stendi, akasimama pale mpaka basi likaondoka.