Fundi wa Rejeta

Fundi wetu hafungui rejeta mpaka aiulize kwa mkono. Huusogeza mgongo wa kiganja karibu na kifuniko, kama anayempima mtoto homa, kisha husema, "Bado." Siku gari lilipotuchemkia, alisema hivyo mara nne kabla ya kuanza kumwaga maji ya kutu, kuisuuza na kuijaza upya. Mama alikaa kiti cha nyuma na bahasha ya hospitali mapajani; daktari alikuwa amempangia saa nane, na ilikwisha kuwa saa saba.

"Fundi, baba, tutachelewa."

"Bora uchelewe ufike, mama," akajibu taratibu. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti, wala kumwona bila kufunga vifungo vyote vya shati hadi kooni, hata jua likiwaka. Nilidhani ni unadhifu tu.

Alipoinama kutega beseni la kukingia maji machafu, nikanyoosha mkono nimsaidie kufungua kifuniko.

"Toa mkono!"

Bahasha ilimponyoka mama. Fundi alinidaka mkono, akakagua vidole vyangu kimoja kimoja, na kifungo chake cha juu kikafyatuka. Ngozi ya shingoni ilikuwa imejikunyata kama nailoni iliyoguswa na pasi. Alijaribu kukifunga tena, lakini kifungo kikakataa kuingia tunduni.

"Samahani, binti yangu."

Akapima mara ya tano. "Haya, sasa imepoa."

Mama, aliyekuwa hatazami tena saa, akasema, "Hebu ngoja kidogo, baba."