Mita ya Mkono wa Rehma

Rehma huuza vitambaa vya pazia soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mimi, Milka, huuza vifungo na zipu kwenye kibanda cha kulia kwake. Tumekaa hivyo miaka kumi na minne, na sijawahi kumwona akishika tepu. Mita yake ni mkono wa kushoto: anashika pindo la kitambaa, ananyoosha mkono, anavuta kitambaa hadi puani, basi. Wateja wapya humcheka. Wakipima nyumbani hukuta mita ni mita kweli, wanarudi kununua tena. Naye hujisifu mpaka anachosha.

Mwezi wa nne alianguka na boda boda pale Kondele. Alifungwa plasta mkono huohuo wa kushoto wiki sita, akarudi sokoni amenenepa, tukamshukuru Mungu. Kiwiko kilikuwa hakinyooki vizuri, lakini nani angejali kiwiko? Alipima, alikata, tukapiga soga kama kawaida.

Jumanne moja akaja Beldina, fundi cherehani wa Nyalenda, mteja wake wa siku nyingi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mama Osama," akamwambia Rehma, "nilinunua mita kumi. Nimepata tisa na nusu. Dirisha moja la kanisa limebaki bila pazia."

Nikajiingiza bila kuulizwa. Nikamwambia tepu za kitambaa huvutika zikizeeka, aende atafute nyingine. Rehma akaenda kwa seremala wa kona, akaazima rula ndefu ya mbao, akaupima mkono wake mbele yetu. Kutoka ncha ya vidole hadi puani: sentimita tisini na tano. Zimepungua tano, upana wa vidole vitatu hivi. Ukizidisha mara kumi, ndiyo ile nusu mita ya Beldina.

Rehma akakaa chini. "Tangu mwezi wa sita nimekuwa nikipunja watu," akasema. "Na wao wananiamini."

Alimkatia Beldina nusu mita yake iliyopungua, halafu akaanza kukunja vitambaa vyote, saa nne asubuhi. Alitaka kufunga kibanda kabisa. Roho iliniuma. Nikamwambia anunue tepu kama watu wengine. Akajibu kwamba watu wamemjua kwa mkono, na siku watakayomwona na tepu watajua mkono ulikuwa unadanganya. Ukaidi wa huyu mama, we acha tu.

Beldina alikuwa bado amesimama. Fundi cherehani anajua miili ya watu. "Mkono hautarefuka," akasema. "Lakini umekuwa ukitazama mbele. Hebu geuza uso upande wa pili, kwa Milka."

Rehma akanyoosha tena mkono, akanigeukia. Pua ikasogea mbali na vidole. Tukaweka rula: mita moja kamili, na unywele mmoja zaidi. Tukapima mara tatu, mimi nikishika rula na kujifanya situmaini.

Beldina hakuridhika. Akaagiza mita tano, akazipima kwa tepu yake kuukuu. Zilikuwa tano na kidole kimoja.

"Na hiki kidole?"

"Cha wale niliowapunja," Rehma akasema. "Nitakitoa mpaka nichoke."

Hajachoka bado. Na siku hizi akipima hamtazami mteja, ananitazama mimi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiona upande mmoja tu wa uso wake. Sasa kila mita ananigeukia, nami humkunjia uso ili acheke apoteze hesabu. Hapotezi. Juzi alipima mita ishirini za mapazia ya hoteli, tukatazamana mara ishirini. Sikuuza hata zipu moja siku hiyo, na nilikwenda nyumbani nimefurahi.