Mmea Usio na Jina Nyuma ya Kiwanda

Saa moja asubuhi, Mama Majani amelowa umande hadi magotini. Yuko nyuma ya kiwanda cha nguo kilichofungwa, mundu mkononi, anakata majani ya mifugo. Akifika kwenye mmea mmoja uliozungushiwa matairi mabovu, anaupita.

"Huo siugusi," anasema. "Nautunza kama yai mpaka utoe maua."

Mlinzi wa kiwanda anacheka. "Wenzake wanafuga mbuzi, yeye anafuga muuaji wa mbuzi!"

Kazi ya mama huyu ni kuwapelekea majani wafugaji wa mjini. Alikuwa na wateja kumi na wawili, leo wamebaki watano. Kisa ni mmea huo, wenye majani mapana, manyoya na harufu kali, uliochomoza mvua zilizopita. Hakuwahi kuuona kabla ya hapo.

Wakata majani wana kanuni yao: mbuzi ndiye mkaguzi. Mbuzi wa mtaani waliunusa, wakaenda zao. Basi hata ulipoingia kwenye mzigo hakuhangaika kuuchambua, maana mbuzi angeubagua mwenyewe.

Lakini wakati huo alikuwa akikata jioni na kupeleka asubuhi. Mzigo ukilala, mmea ule hunyauka na harufu yake hupotea. Mbuzi wa maziwa wa wifi yake alikula, akavimba tumbo, akafa.

"Heri angenitukana," anasema. "Aliniambia tu, 'Wifi, nilikuamini.' Nililia njia nzima."

Machozi yalipokauka, alipeleka tawi kwa mtaalamu wa mimea chuoni. Mtaalamu aliligeuza geuza, akasema kuna mimea miwili inayofanana hivyo. Mmoja una sumu, mwingine hauna neno.

"Bila ua nitakuwa nabahatisha, mama," alimwambia. "Niletee ua."

Akarudi, akang'oa yote iliyokuwa nyuma ya kiwanda na kuichoma, akabakiza mmoja. Siku hizi anakata asubuhi na kupeleka majani mabichi siku hiyo hiyo, mgongo ukiuma au usiume. Ubishi wake wa kulisubiri ua umevuka mpaka, nami nimeupenda.

Namuuliza: je, ukithibitika kuwa ni wa sumu?

"Basi nimemuua mimi, na nitakwenda kusema hivyo hivyo. Nitashika tawi la mmea huu mkononi, nipite kwa kila mkata majani aujue. Umeshatapakaa mpaka kando ya reli."

Anainama, anapanua majani kwa vidole viwili. Vitumba vimejitokeza, vidogo kama punje za mchele. Vikifunguka, anasema, atakwenda chuoni siku hiyo hiyo, kisha moja kwa moja kwa wifi yake.

"Amenunua mbuzi mwingine. Anayemletea majani anakata jioni, kama nilivyokuwa nakata mimi. Nilikwenda kumwonya wifi, akasema nalisingizia jani ili nijitetee." Anafuta mundu kwenye kanga. "Anichukie akitaka. Ila mbuzi huyu hafi."