Shuka la Majina Arobaini na Sita

Kwa miaka ishirini na miwili, kila asubuhi kabla ya kugusa shuka la kwanza, Mama Kumi alihesabu vidole vyake. Alianzia gumba la kushoto akamalizia kidole kidogo cha kulia, kwa sauti, kama mtu anayehesabu vifaranga kabla ya kufunga banda. "Kumi," alisema, ndipo akafunga aproni. Jioni akitoka alirudia tena. Wenzake walimcheka mpaka wakampa jina, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kadi ya kazi tu.

Kiwanda chenyewe kilifua mashuka ya hospitali moja kubwa na hoteli tatu. Shuka lilitoka kwenye mashine za kufulia likiwa bichi, likalishwa kati ya rola mbili ndefu za moto, likatokea upande wa pili limekauka na kunyooka kama karatasi. Zamani mbele ya rola palikuwa na kizuizi cha chuma. Mkono ukikigusa, mashine ilisimama. Meneja aliamuru king'olewe kwa sababu mashine ilisimama kwa mambo madogo, mara mkono wa gauni, mara kunjo la shuka. Tangu hapo haikumsimamia mtu.

Mwaka jana rola zilikula vidole vitatu vya binti mmoja mgeni, aliyekuwa na miezi minne tu kazini. Kwenye daftari la ajali iliandikwa kwamba alianguka nyumbani kwake. Binti hakubisha. Angebishaje? Pasipoti yake na kibali chake cha kazi vilikuwa kwenye droo ya meneja, pamoja na vya wote waliotoka nje ya nchi. "Nawatunzia visipotee," meneja alikuwa akisema, na ufunguo ulining'inia kwenye mkanda wake.

"Kitu chako kikikaa sana kwa mtu," Twiga alisema siku hiyo, "mwisho unakiomba kama sadaka."

Twiga alikuwa mwenzake Mama Kumi wa kukunja, mwanamke mrefu aliyevuka mpaka miaka tisa iliyopita. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wawili husimama mbalimbali, wakalivuta, wakaendeana hadi pembe zikutane, wakaachana, wakaendeana tena. Pembe zinapokutana nyuso nazo zinakaribiana, na kwa kelele ya rola zile msimamizi akiwa hatua tatu tu hasikii kitu. Kwa hiyo maongezi ya kiwanda kile yalikuwa ya vipande vipande: nusu sentensi, hatua nne nyuma, nusu nyingine.

"Afisa kazi kasemaje?" Twiga aliuliza, siku moja baada ya Mama Kumi kwenda kwenye ofisi ya serikali kushtaki. Wakaachana.

"Anataka majina." Wakaachana tena. "Zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Akiyapata, anaingia bila kubisha hodi."

"Asipoyapata?"

"Anamwandikia meneja kwanza, kisha anasubiri majibu."

Twiga alilivuta shuka kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. Wote wawili walijua maana yake. Barua ikifika tu, kizuizi kingefungwa kwa waya siku ya ukaguzi, droo ingekuwa tupu, na waliosema wangekuwa wameshafika mpakani.

"Tuko themanini na mmoja," Twiga alisema pembe zilipokutana. "Kwa hiyo arobaini na mmoja."

"Tutafute arobaini na sita. Siku ya mambo watu huugua."

Karatasi haikufaa. Langoni mlinzi alipekua kila mkoba, hata gazeti alilikunjua. Mwanamke mmoja alikutwa na orodha ya majina manane akafukuzwa palepale, na yeye alikuwa mgeni, asijue hata aanzie wapi kudai pasipoti yake. Twiga ndiye aliyepata wazo. Kiwandani mle mashuka yalikuwa kwa maelfu, na hakuna aliyesoma shuka. Walichagua moja lililochakaa, limeshatengwa kwa matambara, wakaandika kwa ule wino wa kutia alama usiotoka hata likichemshwa. Waliandika kwenye pindo, kuzunguka pande zote nne, ili asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Mtu aliingia stoo ya matambara kana kwamba anatafuta kitambaa cha kufutia mashine, akaandika, akatoka. Ilichukua siku tisa. Majina thelathini na moja yalikuwa ya wageni.

Alhamisi mchana fundi wa boila aliandika jina la arobaini na sita. Alipitisha shuka chini ya ovaroli akaliacha mezani kwa Mama Kumi bila kusema neno. Afisa kazi alikuwa ameahidi kuja Ijumaa asubuhi akiyapata. Mama Kumi aliliweka chini ya kiwiko, akingoja mapumziko alizungushe kiunoni chini ya gauni.

Ndipo filimbi ikalia. Msimamizi wao, kijana mwembamba aliyeitwa Filimbi kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kusikika, alikuja mbio.

"Hospitali wanataka mzigo wao saa moja kabla! Gari liko mlangoni! Kunjeni, jamani, kunjeni!"

Mashuka yakamiminika. Mama Kumi na Twiga wakakunja kama waliopandwa na shetani.

"Utapita nalo vipi?" Twiga aliuliza.

"Kiunoni."

"Na mlinzi?"

"Hapapasi wanawake. Anamwogopa mkewe kuliko meneja."

Twiga alicheka, Mama Kumi akafunga furushi, Twiga akalisukuma kwenye toroli. Shuka jingine, na jingine. "Hebu nalo liko wapi sasa hivi?"

"Si hili hapa," Mama Kumi alisema, akapiga kiwiko mezani.

Meza ilikuwa tupu.

Walitazamana. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyechukua. Wakati midomo yao inapanga namna ya kulificha, mikono yao, isiyojua kuona shuka ikaliacha, ilikuwa imelichukua, ikalivuta, ikalikunja mara mbili, mara nne, mara nane, ikalipanga na mengine na kulifunga. Na toroli lilikuwa limeshaondoka.

Mtunza mashuka wa hospitali alikuwa mtu wa barua. Shuka likiwa na doa la kalamu tu, alilirudisha kwa meneja mwenyewe likiwa na malalamiko ya ukurasa mzima. Majina arobaini na sita yangefika mezani kwa meneja yamenyooshwa vizuri, hata kabla afisa kazi hajamaliza chai yake.

Twiga aligeuka kukimbia. Mama Kumi akamshika aproni.

"Wewe baki hapa."

"Dada, tumelikunja wote!"

"Nimesema baki."

Kwenye mlango wa mizigo, dereva alikuwa ameshawasha injini. Filimbi alisimama na kalamu sikioni.

"Mama, rudi kazini."

"Zima gari, bosi. Sindano yangu imeingia kwenye mashuka."

Injini ilizimwa kabla Filimbi hajafungua mdomo. Asubuhi, kabla rola hazijapata moto, Mama Kumi alishona mapindo yaliyofumuka, na sindano aliitunza kwenye ukosi wa gauni. Kila mtu alijua hilo. Kila mtu alijua pia tangazo lililobandikwa ukutani tangu mgonjwa mmoja alipochomwa: sindano ikikutwa ndani ya shuka la hospitali, mwenye sindano anafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Filimbi hakuwa mtu mbaya. Alisogea karibu, akashusha sauti. "Fikiria vizuri, mama. Huenda umeiacha mezani. Huenda hukuja nayo leo."

"Imo humo."

"Mama..."

"Mimi sipeleki sindano hospitali," dereva alisema. "Kule wanazo za kutosha."

"Mafurushi yangu ni yale ya fundo la kushoto," Mama Kumi alisema. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na mafundo yake yalielekea upande wake peke yake. "Ni manane."

Yalishushwa yote. Filimbi, kwa hofu ya muda, akafanya jambo ambalo Mama Kumi hakulipangia. Alijivutia manne. "Tugawane, tuwahi."

Mama Kumi alifungua la kwanza akapekua shuka baada ya shuka. Jeupe, jeupe, jeupe. La pili. La tatu. Filimbi naye alikuwa akinyanyua kila shuka kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya aliyekufa kwa kumshika mkia, akalikung'uta, akaliweka kando. Akamaliza matatu. Alipofungua la nne, Mama Kumi akaliona. Katikati ya kingo nyeupe palikuwa na ukingo mmoja wa kijivu, rangi ya maji yaliyooshea vyombo, wa tano kutoka juu.

Filimbi akanyanyua la kwanza. Akalikung'uta.

Akanyanyua la pili.

Mama Kumi alipeleka mkono shingoni kama anayefuta jasho. Sindano ilikuwa pale ukosini, ilipokuwa tangu asubuhi. Alijua kabisa kitu alichokishika. Bila sindano angeweza kusema alikosea, akakaripiwa, akarudi kwenye rola zake, na shuka lenye majina likapakiwa garini. Filimbi mwenyewe alikuwa ameshamfungulia mlango huo.

Filimbi akanyanyua la tatu.

Aliichomoa, akaipenyeza kwenye shuka lililokuwa mkononi mwake, na kwa kuwa hakutaka pawe na ubishi, akaipitisha hadi kwenye kidole.

"Hii hapa!"

Filimbi aliliachia la nne likiwa nusu limenyanyuliwa. Tone la damu lilikuwa limeshatanda kwenye kitambaa cheupe.

"Afadhali wewe kuliko mgonjwa," dereva alisema.

Filimbi aliichukua sindano, akaitazama muda mrefu kuliko sindano inavyotazamwa. Alipoinua macho, yalikuwa ya hasira, hasira ya mtu aliyelazimishwa kazi asiyoipenda.

"Unaijua kanuni."

"Naijua."

"Miaka ishirini na miwili, mama!"

"Andika tu, mwanangu. Gari linachelewa."

Twiga aliitwa kuyafunga upya mafurushi, akaanza na lile la nne la Filimbi. Gari lilipoondoka, shuka lenye damu likabaki kurudishwa kufuliwa. Twiga alilibeba kifuani kwa mikono miwili, na ndani yake mlikuwa na jingine.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Mama Kumi alinyoosha mikono juu, Twiga akamzungushia lile shuka kiunoni huku machozi yakimdondoka kidevuni.

"Umejichinja mwenyewe, dada. Sindano ulikuwa nayo."

"Kaza, linateleza."

"Ungesema hukuiona..."

"Kaza, Twiga!"

Langoni mlinzi alifungua mkoba wake. Kulikuwa na kitana, kikombe, ndara, na barua ya kufukuzwa ambayo wino wake haujakauka. Aliisoma yote, kwa kuwa kusoma ilikuwa sehemu ya kazi yake, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akamtazama kiuno.

"Mbona leo umenenepa ghafla hivyo, mama?"

Mama Kumi alisikia pindo likimtelezea upande wa nyonga. Hakulishika.

"Ni hasira, baba. Ukiimeza inajaza tumbo."

Mlinzi akacheka, akafungua lango.

Ijumaa saa mbili na nusu afisa kazi aliingia na wenzake wawili, shuka aliloletewa na Mama Kumi usiku likiwa kwapani. Aliamuru rola zizimwe. Meneja alisema ufunguo wa droo umempotea tangu juzi. Fundi wa boila akaja na mtaimbo begani, akauliza kwa adabu zote kama unahitajika msaada, na ufunguo ukaonekana. Pasipoti ziligawiwa uani, jina moja moja. Twiga aliifungua yake akaitazama picha, akasema huyu alikuwa mzuri. Wiki iliyofuata kizuizi kilifungwa mahali pake, na ajali ya binti yule ikaandikwa upya kwenye daftari. Malipo yake bado yanabishaniwa.

Mama Kumi hakurudishwa. Wenzake waliandika barua, mara hii kwenye karatasi, nao wakasaini wote. Meneja alijibu kwamba kanuni ya sindano iliwekwa kwa ajili ya wagonjwa na haimwangalii mtu usoni. Barua ya pili haijajibiwa hadi leo. Siku tatu kwa wiki Mama Kumi hushona mapindo ya sare za shule barazani kwa fundi cherehani mmoja, anayemlipa anapokumbuka. Twiga huja Jumapili na maneno ya kiwanda, na kwa mazoea husogeza uso karibu kabla ya kusema, ingawa barazani hakuna kelele.

Nyumbani Mama Kumi anaishi na binti wa kaka yake, aliyekuja kusoma chuo kikuu, msichana wa maneno machache ambaye chai humpoea akiwa kitabuni. Habari hii aliipata vipande vipande kwa wiki nyingi, na hakuwahi kumkatiza shangazi yake. Siku moja, wakikunja nguo zilizotoka kamba ya kuanikia, mmoja huku na mwingine kule, aliuliza swali moja tu.

"Shangazi, wewe hukuwa mgeni, pasipoti yako haikuwa kwenye droo ile, na mlikosea wawili. Kwa nini ulienda wewe garini?"

Mama Kumi aliendelea kunyoosha nguo.

"Nililikunja mimi. Twiga naye alilikunja, lakini mimi wangenirudisha nyumbani, na nyumbani kwangu ni hapa."