Tramu Iliyokula Mabenchi ya Matanga

Tramu ile iligharimu shilingi milioni moja na laki nne. Nilimwambia mtoto wa kaka yangu arudie hesabu, akarudia, ikabaki pale pale. Milioni moja na laki nne kwa gari la plaiwudi lisilokwenda popote, ndani ya ukumbi wa kukodi mjini Kakamega, ambako tangu dunia iumbwe haijapita tramu hata ya kupotea njia.

Alikuwa amesomea sanaa ng'ambo, katika mji ambao zamani watu walipanda tramu, yale magari ya umeme yaliyopita kwenye reli katikati ya barabara. Wafadhili wakampa pesa aje atuonyeshe. Alinikuta kibandani kwangu sokoni nikipanga sufuria kuukuu.

"Senje," akasema, kwani ndivyo tunavyomwita shangazi huku kwetu, "watu wataketi, wapige kengele, wavute gia ya dereva, na mji wa zamani utapita kwenye skrini. Wakigusa dirisha, taa za barabarani zinawaka."

"Na wakishuka watakuwa wamefika wapi?"

"Hawafiki mahali. Ni tajriba."

"Tajriba ni nauli ngapi?"

"Bure, senje."

Hapo ndipo nilipoanza kumhofia.

Kwangu alifuata mabenchi. Mimi ndiye mtunzaji wa mabenchi sita ya kikundi chetu cha akina mama wa kusaidiana matanga. Ni marefu, ya mbao ngumu, na kazi yake kubwa si kukaliwa: mawili huwekwa sambamba uani, jeneza likalazwa juu yake ili watu wamuage marehemu. Msanii wetu alisema sura yake ya kizee ndiyo hasa aliyoitaka. Akataja kukodi kwa mia mbili kila benchi, nikataja elfu, tukakutana mia sita. Kikundi kikapiga makofi.

Siku ya ufunguzi watu waliingia kwenye tramu, wakaketi, wakapakata mizigo yao. Kengele ilikuwa mbele yao, inang'aa kama jino la dhahabu. Hakuna aliyeigusa. Mtoto wa kaka yangu akaninong'oneza kwamba labda wameguswa sana moyoni.

Nikamgeukia mama mmoja aliyetoka Navakholo na kuku kwapani. "Mama, mbona hampigi kengele?"

"Iende aje na kiti kiko wazi? Gari haiondokangi kabla ijae."

"Na nauli hatujapatana," akadakia mzee nyuma yake. "Ikishatoka, utapunguziwa na nani?"

Miaka minne ya chuo, na hilo hakulijua. Mama akamketisha kuku kwenye kiti kilichobaki, abiria wakaridhika, kengele ikapigwa. Kwenye skrini wakapita wazungu wa kofia ndefu, wanakimbia mvua.

"Hapa ni wapi?" mzee akauliza.

"Sijui," mama akamjibu, "lakini hata soko hawana."

Wenzangu wakigusa madirisha, mimi nilihesabu viti. Kumi na viwili. Nikahesabu tena. Mimi nilitoa sita. Nikainama: kila kiti kilikuwa na miguu miwili myeusi ya zamani upande mmoja, na miwili myeupe ya msonobari upande wa pili. Kijana alikuwa amekata kila benchi katikati.

Nikamvuta kando. "Umekata mabenchi ya matanga?"

"Hayakuingia, senje. Lakini tazama mdundo wa viti ulivyo."

"Jeneza nitalilaza kwenye mdundo?"

"Nitalipa nikipata ufadhili mwingine."

Jumamosi iliyofuata mwenzetu mmoja alimzika mama mkwe wake huko Malinya. Jeneza lililazwa juu ya madawati ya shule, moja refu kuliko lingine, na marehemu akaagwa miguu ikiwa juu kuliko kichwa.  Mwenyekiti wa kikundi alingoja mpaka wageni walipoondoka, tukawa tunaosha sahani.

"Dada, mabenchi sita. Mwisho wa mwezi. Na yawe ya mbao ile ile."

Seremala alitaka elfu nane kwa kila benchi, nikamkamua mpaka saba. Elfu arobaini na mbili. Nimezihesabu mara mbili na hazikupungua.

Maonyesho yalipokwisha, skrini zilirudi kwa wenyewe, kwa sababu kumbe nazo zilikuwa za kukodi. Mtoto wa kaka yangu akaja nyumbani na lori, uso wa mtu aliyeleta mahari.

"Senje, sina pesa, ila tramu nakuachia yote. Ni kazi ya sanaa, thamani yake inapanda."

Akaiteremsha nyuma ya jiko langu. Muuza kuni amekuja, akaizunguka, akasema plaiwudi yenye rangi hutoa moshi mbaya. Mwisho wa mwezi unakaribia. Kwa hiyo nauliza, wala sifanyi mzaha: kama yupo aliyewahi kulipwa deni kwa tramu, aniambie alimuuzia nani, na alianzia bei gani.