Karani Aliyeitwa Kushuhudia

Émilienne alikuwa karani wa tribunali mjini Kindu kwa miaka kumi na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwomba maoni. Kazi yake ilikuwa kuandika waliyosema wengine. Ndiyo maana Papa Blaise alipomgeukia siku ile kikaoni, kalamu ilimponyoka.

Komisyo ya watu watano ilikuwa ikichagua wenyeji wawili wanaojua mila, wakae pamoja na hakimu kwenye kesi za mashamba na urithi. Wa kwanza alipita bila kupingwa. Nafasi iliyobaki iligombewa na Elie, shemeji yake Blaise, na Riziki, mjane wa mwalimu wa Kurani, mkazi wa mtaa wa Mikelenge. Blaise, aliyeongoza kikao na aliyekuwa mzee wa kanisa, hakutaja ushemeji. Alisema tu kwamba Waislamu wana shehe wao wa kuwaamua, na kwamba Mkristo hapati haki mbele ya mama wa ushungi. Mjumbe mmoja akaitikia kwa kichwa. Watatu wakatazama meza.

"Na siyo maneno ya kutunga," akaongeza. "Shahidi iko hapa. Mama Émilienne, wakati wa vita huyu mama alikuhukumu. Shamba akampa mutoto wa ndugu yake. Si njo vile?"

Ndivyo mtaa mzima ulivyoamini, kwa kuwa ndivyo Émilienne mwenyewe alivyosimulia.

Miaka ile mji ulikuwa umezingirwa. Treni haikuja, mahakimu walikuwa wamekimbia, na aliyetoka kwenda kutafuta chakula mbali hakuwa na hakika ya kurudi. Watu walilima nyuma ya nyumba zao, wakagombania hata tuta moja la muhogo. Ugomvi ukipamba moto walikwenda kwa Riziki, maana alisikiliza hadi mwisho na hakuwaogopa wenye bunduki. Émilienne, ambaye watoto wake walikuwa wamevimba miguu kwa njaa, alipakana na Ramla, mpwa wa Riziki. Alfajiri moja aling'oa vijiti vya mpaka akavichomeka hatua nne ndani ya shamba la Ramla. Riziki alikuja, akainama, akayatafuta mashimo ya zamani kwa kidole, akaamuru vijiti virudi mahali pake. Hakumwita Émilienne mwizi. Kwa ukimya ule Émilienne akapata mwanya wa kujisafisha: akaeneza kwamba Muislamu amempendelea Muislamu mwenziwe.

Sasa wote watano walimkodolea macho. Neno moja tu, na siri yake ingelala salama. Akikana, angekuwa amejivua nguo hadharani: karani wa tribunali, mwimbaji wa kwaya, mwizi wa muhogo. Blaise akamwambia kwa upole kwamba hahitaji kueleza mengi, aitikie tu kisha aandike.

"Hapana, papa," Émilienne akasema. "Ule mpaka mimi njo nilisogeza. Mama Riziki alihukumu sawasawa. Mimi njo nilidanganya watu."

Blaise akasema haraka kwamba mama amechoka, maneno hayo yasiandikwe. Lakini mjumbe Jacques, mstaafu wa reli ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, akataka yaandikwe yote. Kisha akauliza kama Elie si shemeji wa mwenyekiti. Walipopiga kura, Riziki alipata tatu, Elie mbili. Émilienne akaandika kila kitu, na kama kanuni ilivyotaka akakisoma kwa sauti mbele yao, pamoja na aibu yake.

Kabla ya Jumapili habari ilikuwa imefika kwenye kwaya. Hawakumfukuza, ila aliyezoea kukaa karibu naye alihamia benchi la nyuma. Riziki, siku alipokula kiapo, alimsalimia kama alivyowasalimia makarani wengine, akaketi kusikiliza kesi ya kwanza.

Aliyemsumbua Émilienne zaidi ni Falone, binti yake mkubwa, aliyekuja kutoka Kalima baada ya kusikia.

"Tulikuwa na njaa, mwanangu," Émilienne akaanza.

"Mama, siulizi njaa. Nauliza kama ni kweli."

"Ni kweli."

Falone akavuta kigoda karibu na mama yake, wakaanza kuchambua pamoja sombe, majani ya muhogo.